Spika za Kukodi

Spika ni zangu. Zile mbili nyeusi,
ya kushoto ina mkwaruzo tangu harusi ya Mlowa.
Chidumizi amezikodi siku tatu, kalipa moja,
na leo soko zima la Kibaigwa linamsikia.

"Nani kashusha bei ya mahindi?"
Kimya kidogo. Anajua kukaa kimya, yule.
"Waliokuja!"
Makuli wanapiga magunia makofi, vumbi linapaa.

Hataji mzani.
Hataji lumbesa, gunia lenye kilemba
linalonunuliwa kwa bei ya gunia la kichwa wazi,
wala shemeji yake mwenye maghala mawili pale barabarani.

Jioni mwanangu Ndahani ananionyesha simu:
lile neno wameshalitilia mdundo,
vijana wanalicheza, bega chini, mkono unafukuza kama unafukuza kuku.
Mguu wangu ukagonga sakafu wenyewe. Nisidanganye.

Nikamuuliza, bibi yako mzaa mama katokea wapi?
"Kondoa. Si Mrangi yule."
Akaendelea kucheza,
kisha akapunguza sauti.

Kesho ni Pandambili.
Deni langu bado, la siku mbili,
na nyumbani debe la unga limebaki kukung'utwa.
Nimekaa na bisibisi, nimeifungua ile ya kushoto.
Waya mwekundu umeshikwa na uzi mmoja tu.
Lehemu imeshapata moto, inanuka.
Nautazama.