Mshale Haujakaa

Kyarumba, msimu wa kahawa, saa moja asubuhi.
Mabati ya ghala yanapigwa na mvua ya tangu juzi
na mimi niko nyuma ya mizani,
kalamu sikioni, khanga mbili mabegani,
kichwa kimejaa kama lori la siku ya soko.

Nimeamka na haya: ada ya Biira, muhula wa pili;
mkopo wa kikundi, Ijumaa, na Ijumaa haichelewi;
bei ya kahawa, iliyoshuka jana usiku redioni
kwa sauti ya mtu aliyeshiba;
jino la nyuma;
mto, unaonguruma bondeni
kama mgeni anayetafuta kitu alichosahau kwetu.
Na Kule.

Kule ni mwanangu.
Alivuka Mpondwe, utingo wa lori la saruji,
akasema Beni si mbali, mama, siku tatu.
Leo ni ya kumi na tisa.
Mwanzoni wakulima waliniuliza, "Kule yuko wapi?"
nami nikawajibu, "Yuko kule,"
tukacheka, maana jina lilijileta lenyewe.
Sasa hawaulizi.
Wanashusha magunia, wanatazama sakafu.

Wanasema nina mawazo mengi.
Mengi yako wapi? Ni yale yale sita, saba,
yakishapimwa yanatoka mlango wa mbele,
yanazunguka ghala,
yanaingia kwa mlango wa nyuma
yapimwe tena.

Juma lililopita nilimwandikia Ithungu kilo sitini na mbili.
Mjane yule hakugomba. Alisimama tu,
maji yakimchuruzika kisiginoni.
"Mama Kule," akasema, "mshale haujakaa."

Nikatazama. Kweli.
Ulikuwa bado unakwenda na kurudi,
nami nimesoma mtetemo
nikauita uzito.
Tukangoja. Yeye, mimi, gunia,
na Masereka mpakizi, mkono kiunoni.
Inachukua muda mrefu kuliko unavyodhani.
Sitini na saba.
Kilo tano ni chumvi, ni sabuni,
ni daftari la mtoto wa mtu.
Nilikata ile namba kwa mstari mmoja
ili ionekane nilikosea.

Tangu siku hiyo, usiku,
wazo likipanda juu ya mizani na matope yake,
lori limelala ubavu chini ya daraja,
kiatu kimoja barabarani, ninachokijua,
siandiki.
Naweka kiganja kwenye ukuta. Ukuta ni baridi.
Namsikia Biira anavyokoroma kidogo, kama paka.
Nasema kwa mdomo, si kwa moyo, moyo haunisikii:
hii ni hofu, habari haijafika.
Bado unatetemeka. Ngoja.

Siku nyingine nangoja na hautulii.
Jumanne nilisonga bundu huku nalia
nikasingizia moshi,
na kuni zilikuwa kavu kabisa.
Masereka aliona. Hakusema neno;
mchana kutwa aliyatua magunia polepole,
moja moja, kama anayelaza watoto,
bila kishindo hata kimoja.
Sijamshukuru. Sijui ningeanzia wapi.

Leo ukungu umekula mlima wote,
hujui kama Rwenzori ipo au imehama.
Ipo. Miguu ya wakulima inateremka kutoka humo,
na matope mekundu hadi magotini.

Gunia la kumi na nne liko juu.
Simu inatikisika mezani,
inajisogeza yenyewe kuelekea ukingoni:
namba ya ng'ambo, ngeni kwangu.
Mshale unakwenda. Unarudi.
Ghala zima limenyamaza, hata mabati.
Naichukua simu kwa mkono wa kushoto.
Wa kulia umeshika kalamu
na kalamu iko juu ya karatasi,
haijagusa.