Pa Kukaa

Kwa dalali, dakika moja ni mita themanini.
Ndivyo anavyoandika kwenye karatasi zake zote:
kituoni hadi mlangoni, dakika kumi na moja kwa miguu.
Miguu ya nani, Shunpei, karatasi haisemi.
Haitaji kilima. Haitaji taa ya njia panda
inayong'ang'ania wekundu hadi mtu asahau aendako.
Haitaji mimba ya miezi sita na mfuko wa viazi.

Tumeona nyumba tano tangu theluji iyeyuke.
Ya kwanza ilipakana na reli:
vikombe viligongana kabatini kama meno ya mwenye homa,
na Bwana Kurusu akasubiri mabehewa yote kumi yapite,
akarekebisha tai, akasema,
"Mtaa huu una utulivu wake."
Ya pili, bustani yake ilitosha mnyanya mmoja,
na huo mnyanya uwe mpole.
Ya tatu bondeni. Nikaomba ramani ya mafuriko;
akaikunjua taratibu, kama afunuaye kidonda mbele ya wageni.
Buluu ilikuwa imepanda hadi ghorofani.
"Lakini bei yake," akasema. Kweli, bei ilikuwa chini,
chini pamoja na nyumba.
Ya nne siikumbuki.

Ya tano ndiyo uliyoipenda, kwa ajili ya bafu.
Dakika hamsini na tatu hadi mezani kwako,
treni mbili, na ile ya haraka haisimami pale,
inapita tu, ikitupulizia vumbi la waliotajirika mapema.
Usiku ulikaa jikoni na kalamu na risiti ya samaki,
ukazidisha kwenda na kurudi kwa siku za kazi,
siku za kazi kwa miaka thelathini na mitano ya mkopo,
ukafika mwisho, ukaikunja risiti, ukazima taa.
Niliikuta mfukoni siku ya kufua:
mwaka mmoja, miezi minane. Wima.
Mchana na usiku, mkono juu, umeshika kitanzi.
Mtoto wa umri huo anatembea, Shunpei.
Anawaita watu kwa majina yao.

Sikukwambia. Jumanne niliamka gizani
nikapanda treni hadi reli inapokwisha,
hadi Kuzugaya, ambako ramani ya dalali imekatwa na ukingo wa karatasi.
Saa kumi na mbili na nusu, foleni jukwaani.
Treni ikaja tupu. Tupu! Milango ikafunguka,
watu wakaingia bila kusukumana, kama waingiao vitandani mwao.
Kando yangu mama mmoja akatoa sindano na uzi wa kijani.
"Sweta ishirini na tisa," akaniambia, "kati ya hapa na mjini.
Panga mlango wa tatu. Wa kwanza una upepo."

Dakika sabini na moja. Nami najua kuzidisha:
miaka miwili, miezi mitatu. Lakini si wima.

Basi Jumapili tulikwenda wote. Bwana Kurusu alishangaa,
akatafuta funguo kwenye mikoba mitatu.
Nyumba inanuka mikeka mikongwe, ngazi inalia kipandio cha nne,
jirani alisimama nyuma ya pazia, nusu uso,
akihesabu, nadhani, idadi yetu.
Dakika tisa, imeandikwa. Nikaangalia saa yangu: kumi na nne,
pamoja na kupumzika mara moja ukutani mwa shule ya chekechea,
ambako mtu alikuwa ameweka kiatu kidogo chekundu juu ya nguzo
ili mwenyewe akione.

Ulisema ni mbali. Ukasema mama yako atasema ni mbali.
Ukasema bafu ni dogo.
Tulipopanda kurudi, behewa zima lilikuwa letu.
Ukakaa dirishani, ukapakata mkoba
uanze kunieleza habari za riba,
na kabla milango haijafungwa ulikuwa umelala,
kinywa wazi, kama mtu aliye kwake.

Miezi yote hii tulikuwa tunatafuta pa kukaa.
Jukwaani Bwana Kurusu alikuwa bado akipunga mkono.
Nikampungia, taratibu, nisikuamshe.