Nyuma ya Mtulinga

Huku chini chumba cha eksirei hakina dirisha;
mvua ya Kutaisi tunaijua kwa viatu vya wagonjwa.

Fomu ilishuka: Kifua. Kikohozi. Basi.
Mzee Avtandil akavuta pumzi, akaishika, nikabonyeza.
Akifunga vifungo alinisimulia Tkibuli,
miaka thelathini ya makaa ya mawe.

Daktari Tsisana alikiona, nyuma ya mtulinga,
kidogo kama punje ya mtama, kingo zake miiba.
Akaandika: Kivuli. Kilinganishwe na hali ya mgonjwa.
Ghorofa ya nne Daktari Gocha akasoma "kivuli",
akadhani ubavu, akadhani mashine, akadhani sisi.
Sentensi ikalala kwenye kompyuta siku kumi na tisa,
na kila mtu alikuwa amemaliza kazi yake.

Mmoja alijua miiba, hakujua makaa.
Mwingine alijua makaa, hakujua miiba.
Mimi nilijua yote mawili,
lakini nani humuuliza anayebonyeza?
Nami sikusema. Hilo ni langu.

Siku ya ishirini nikamshika Tsisana mkono wa koti.
Lifti mbovu. Vidato themanini na nane.
Juu, picha ikafunguliwa,
vichwa vitatu mbele ya kioo kimoja.
"Hapa?"
"Hapa."
Gocha akanyanyua simu kabla hajaketi.

Jana fomu ilishuka, mwandiko wake uleule wa kuku kaparura:
Kifua. Kikohozi. Mwokaji mikate, unga tangu utotoni. Anaogopa.

Nikapunguza taa,
nikamwambia kwanza kuwa mashine haiumi.