Umelala Chali

Nesi Sechelela alinipaka mafuta ya baridi tumboni,
akazungusha kile kidude, akakunja uso, akakunjua.
"Mtoto yupo. Wiki ya tisa.
Ila nyumba yake imelala chali."

Kumbe ndivyo ulivyo.
Miaka thelathini na moja tunakaa pamoja,
mwezi hata mwezi unanidai na ninakulipa,
na siku zote umeuegemea uti wangu wa mgongo
kama shemeji aliyeshiba.
"Za wengine huinamia mbele," akasema, "kama mtu anayepepeta uwele.
Yako imekwenda nyuma. Si ugonjwa.
Katika wanawake watano, mmoja."
Nje, kwenye benchi, tulikuwa kumi na mmoja.
Nikawatazama nikijiuliza mwenzangu ni nani.

Hombolo habari ilifika kabla yangu.
Mama mkwe alishapasha mafuta ya nyonyo.
"Kizazi kimeanguka hicho. Kinakandwa, kinapandishwa,
kisha unafungwa kanga, fundo hapa."
Fundo hilo nalijua. Alinifunga nilipomzaa Nyemo,
baada ya siku mbili za uchungu,
na tangu hapo nikibeba ndoo ya zabibu
kuna kitu huko chini kinashuka,
kinachungulia mlangoni,
kinarudi nikilala.
Sikumwambia mtu. Ungeanzia wapi?
Ungesema nini, sakafu imelegea?

Sechelela ndiye aliyenipa neno: nyonga ina kamba zake.
Basi kamba nazijua.
Kila mwaka tukishapogolea nakaza waya shambani,
nguzo hadi nguzo, mpaka viganja vinachubuka.
Mzabibu hausimami kwa nguvu zake.
Waya ukilegea, kichala kinalala mchangani
na mchwa hawabishi hodi.
Lakini huu wa ndani unakazwa kwa mkono gani?
"Bana kama unayezuia mkojo kanisani.
Hesabu tano, achia. Hesabu tano, achia."
Nabana nikichota maji. Nabana nikisonga ugali.
Nabana mchungaji akisoma matangazo,
naye anadhani nimeguswa.

Mafuta niliyakataa.
Nilisema kwa heshima, nikitazama miguu yake:
mama, nesi kasema nisikandwe.
Siku tatu hakuugusa mlenda wangu.

Na yule wa mwaka juzi,
aliyeondoka kabla hajapata jina?
Nilikushuku wewe. Nisamehe.
Nilimuuliza Sechelela kama ni kulala kwako kulikommwaga.
Akasema hapana.
Akasema tena hapana, polepole,
maana aliona sikusikia.

Wiki ya kumi na tatu, Jumanne usiku, mkojo uligoma.
Nilichuchumaa nyuma ya nyumba mpaka miguu ikafa ganzi,
nyota zote za Ugogo juu yangu, tone hakuna.
Hilo nilishaonywa: usingoje kukuche.
Chilewa akawasha pikipiki, hakuuliza,
kila shimo la barabara nikimuuma bega.
Mrija, beseni, ahueni.
Nililia kwa sauti mbele ya daktari kijana
ambaye hakujua aangalie wapi.

Sasa nimepewa zoezi.
Magoti na viwiko chini, kifua kwenye mkeka,
makalio juu, dakika kumi, asubuhi na jioni,
ili upate nafasi ya kujiondoa huko ulikojibana.
Jirani aliyechungulia dirishani amewaambia watu nimeokoka.

Inuka taratibu.
Sikuvuti, sikukandi, sikufungi.
Wenzio huinuka wenyewe kipindi hiki, nimeambiwa,
kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kutoka uani.
Mimi niko hapa chini, paji la uso kwenye ukindu,
nanusa vumbi la Oktoba,
nahesabu tano, naachia,
na Nyemo amenipanda mgongoni akidhani ni punda,
ananipiga visigino mbavuni:
twende, mama, twende.