Na Wenzake

Mama hakuwa na bustani.
Uwanja wetu wa Buguruni ulikuwa saruji tupu,
beseni mbili, kamba ya nguo,
na kunguru aliyezoea kutuibia sabuni.
Ila alipovua viatu jioni
msitu wa Pugu ulidondoka mlangoni:
udongo mweupe kama unga wa muhogo,
mbegu zenye ndoano, siafu mmoja aliyepotea njia.

Miaka thelathini na moja alikausha majani
katika chumba cha nyuma kule Mlimani.
Hati ya mshahara ilimwita Mhudumu Daraja la Pili.
Kazi yenyewe: kwenda, kuinama, kuchuma kijiti
chenye ua na tunda kama kipo,
kukilaza ndani ya gazeti, kukibana kwa mbao na mikanda,
kubadili gazeti kila asubuhi mpaka unyevu ukate tamaa,
kisha kuandika kwa penseli (wino huchuja, alisema)
mahali, tarehe, kimo, harufu,
na pembeni, pasipo na mstari wa fomu,
jina ambalo wenyewe wanakiita.
Jina hilo aliliomba kwa wachoma mkaa,
kwa wakunga, kwa watoto wa mitego.
Waliokataa kulitoa bure aliwapa chumvi.

Lebo ikishapigwa taipu ilitaja profesa,
halafu: *na wenzake*.
Mwenzake alikuwa mmoja.
Sikudhani Pazi, saizi ya kiatu thelathini na nane.

Mimi nilijifunza kusoma kwa magazeti yale ya madoa.
Foleni ya sukari, hotuba, bei ya korosho,
na katikati kivuli cha jani, kahawia,
kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati.
Kuna mechi ya Simba na Yanga sijui hadi leo
nani alifunga:
utomvu umekula jina lake.

Alipostaafu walimpa saa ya ukutani na kanga mbili.
Yeye alitaka kitu kimoja, akione tena:
kichaka namba mia mbili na kumi na mbili,
alichokichuma akiwa na mimi tumboni.
*Hatua mia nne kusini mwa reli, penye mteremko.*
Tukapanda bodaboda. Tukahesabu hatua,
zake fupi siku hizi, tukazidisha sitini.
Hatua ya mwisho ikagonga geti.

Ukuta. Vipande vya chupa juu yake. Jenereta.
Nilimtazama usoni nikitafuta kilio,
kumbe anatafuta mlinzi.
Chilewa, mtu wa Dodoma, rungu na redio,
akatuzungusha nyuma ya nyumba bila kuuliza sana,
maana mama alimsalimia kama shemeji.

Pale kiyoyozi kinapotema maji yake,
tone, tone, mchana kutwa,
kilikuwepo.
Kifupi, kimechakaa, majani yametobolewa,
na maua mawili ya rangi ya maziwa yaliyolala.

Mkono wa mama ukaenda kwenye pochi, kwenye mkasi,
kwa mazoea ya miaka thelathini na moja.
Ukafika. Ukakaa humo.
Ukarudi mtupu.

«Hili gugu?» akasema Chilewa.
«Bosi kasema Jumamosi ning'oe, anaweka vigae.»
Mama akamtajia jina lake, mara mbili, polepole,
kama anayemtambulisha mkwe kwa wazee.
Sitaliandika hapa. Nendeni na chumvi.

Jumamosi hatukulala mchana.
Saa kumi simu ikalia, meseji, bila salamu:
*Mwenyeji bado yupo. Vigae vimekatwa kona.*

Tangu hapo kila Jumamosi mama hutuma vocha ya buku,
na Chilewa hulipa kwa habari.
Mama huziandika kwa penseli
kwenye ukingo wa gazeti la siku ile,
juu ya siasa, chini ya vifo:
*Maua matatu. Mvua haba. Nyuki mmoja, mdogo, mweusi.
Bosi yuko safarini.*
Kisha mahali, tarehe,
na mwisho, kwa mkono uleule:
*S. Pazi na Chilewa.*