Chaguo la Kwanza, la Pili, la Tatu

Fomu ililetwa na mjumbe, imekunjwa mara nne,
inanuka dagaa, sijui ilipitia wapi.
Jina la mtoto: Sikudhani Pazi Mwinjuma.
Aina ya uhitaji: nikaandika, hasikii.
Kisha mistari mitatu mitupu,
chaguo la kwanza, la pili, la tatu,
na kwa maandishi ya sisimizi:
Serikali italipa ada popote mzazi atakapochagua.

Popote.
Nililirudia neno hilo kama mtu anayehesabu chenji.
Mimi ni fundi viatu, Tandika.
Maishani nimechagua rangi ya uzi,
na hata huo, mara nyingi uliopo ni mweusi.

Nikafunga kibanda siku tatu.

Shule ya kwanza ni ya jirani, kengele yake tunaisikia,
yaani mimi naisikia.
Watoto mia na ishirini darasani.
Mwalimu mkuu, mtu mwema, akasema, "Tutamkalisha mbele."
Mbele ya nini, mwalimu?
Akacheka. Kisha akaacha kucheka.

Ya pili iko Mbweni, nyasi zimenyolewa kama kichwa cha bwana harusi.
Dada wa mapokezi alinipazia sauti
kana kwamba kiziwi ni mimi.
Pesa ya serikali wanaipokea, akasema,
ila zipo gharama ndogo ndogo:
sare mbili, fulana ya michezo, mtaalamu wa kila Alhamisi.
Sikudhani alikuwa kwenye tangi la kioo,
anamfuata samaki mmoja kwa kidole.

Ya tatu, Chang'ombe, nyuma ya gereji.
Vyumba viwili, bati limepauka.
Nikabisha hodi, hakuna aliyeitika.
Nikajicheka. Nilitarajia nini?
Mwalimu Ngasongwa akatoka, hakunisalimu mimi kwanza.
Alichuchumaa, akamuuliza mwanangu kwa vidole:
jina lako nani?

Mwanangu akanitazama.
Miaka saba tumemwita kwa kupiga mguu sakafuni,
kwa kumvuta gauni, kwa kummulika tochi.
Hakuwa na jina ambalo yeye mwenyewe angeweza kulitaja.

Watoto wakamzunguka, wakabishana
(sijapata kuona kelele kubwa vile isiyo na sauti)
hadi mvulana mmoja akagusa shavu mara mbili,
hapa, penye kishimo chake akicheka.
Wote wakagusa mashavu.
Naye akagusa la kwake.

Usiku ule, juu ya meza yenye gundi na misumari,
nikaandika shule moja kwenye mistari yote mitatu.

"Baba, umekosea," akasema binti wa ofisi ya elimu.
"Yanatakiwa majina tofauti. Halafu pale nafasi kumi na nane,
walioomba wamefika sitini.
Na nauli haimo, ujue."
Nauli nitaishona, nikamwambia. Wewe ingiza.
"Kompyuta itakataa."
Basi ikatae yenyewe.
Mimi sitakataa kwa niaba yake.

Leo ni wiki ya tano, majibu bado.
Jioni nikirudi sipigi tena mguu.
Nasimama mlangoni na vumbi langu la soli
wakati yeye anapanga visoda, amenipa mgongo.
Nangoja.
Akigeuka,
nagusa shavu mara mbili.