Kinywa Hakimo Mwilini

Karani wa simu, sauti yake changa,
aliniambia kwa upole, kama anayembembeleza mtoto:
"Mzee, figo ni ya serikali. Meno ni yako."
Nikamwuliza: na ufizi uko upande gani wa mpaka?
Akaniwekea muziki.

Mke wangu Despina ana kisukari, mwaka wa ishirini na mbili.
Kilianza machoni, kikashuka vidoleni mwa mguu,
kikahamia kwenye figo na kutandika mkeka.
Jumatatu, Jumatano, Ijumaa
namwendesha hadi hospitali ya Port Pirie
kabla jua halijaigusa dohani ya kiwanda,
dohani niliyoitumikia miaka thelathini na mmoja
ikaniaga kwa saa ya ukutani.
Mashine humfulia damu saa tano kamili
na hakuna anayetudai senti.
Sisemi uongo: hakuna anayetudai senti.

Jicho limelipiwa. Mguu umelipiwa,
hata viatu maalumu, vyeusi, vizito kama matofali.
Ila sheria imeuzungushia mdomo wake chaki
kama polisi wanavyouzungushia mwili barabarani:
nje ya mstari, raia;
ndani ya mstari, mteja.

Machi, daktari wa figo kule Adelaide alifungua jalada.
Figo huenda ikapatikana, alisema, ila kwanza kinywa kiwe safi;
usaha wa jino moja waweza kuiua figo mpya.
Akaandika: matano, yang'olewe.
Kliniki ya meno ya umma ikasoma, ikajibu:
foleni, miezi ishirini na sita.
Basi tukapanga foleni
ili turuhusiwe kupanga foleni.
Despina alicheka, kiganja mdomoni.
Siku hizo hakucheka bila kiganja.

Aliyetusaidia si mbunge.
Ni Glenys Hocking, muuguzi, miwani yake imefungwa kwa plasta,
aliyejua kwamba ipo fomu ya wagonjwa wa maradhi sugu,
kurasa tisa, iliyolala drooni
kwa kuwa hakuna aliyeamini kwamba inafanya kazi.
Aliijaza kwa wino wa kijani. Ikarudishwa kwa ajili ya kijani.
Akaijaza kwa mweusi. Ikarudishwa: ukurasa wa sita, kisanduku.
Mara ya tatu aliandika pembezoni:
*Mwanamke huyu hula kwa upande mmoja wa uso.*
Sijui ni nani huko anayesoma pembezoni.

Alhamisi moja ya Agosti yakatoka yote matano.
Daktari wa meno aliyahesabu kwenye sahani ya bati
kama mwenye duka anayerudisha chenji.

Usiku ule aliniita kutoka jikoni.
Jina langu, Thanasi, lina sauti mbili zinazotaka jino,
na la mbele halikuwepo.
Ikatoka pumzi tupu, mlango usiofunga.
Nilisimama na taulo begani.
Miaka arobaini na mitatu ya ndoa
sikujua kwamba jina langu limeegemea mfupa wake.

Jino la pembe si dawa ya pengo, wahenga walisema.
Wahenga hawakumwona Despina akiuma mkate mkavu,
Jumapili ya kwanza na meno ya plastiki,
makombo kidevuni, uso kaugeuzia dirishani
ili nisimtazame. Nilimtazama.

Fomu ililipia manne.
La tano, ilisema, ni urembo.
Ndiyo maana sasa akiniita
jina hupiga mbinja kidogo mwishoni,
nami huitika kabla halijaisha.

Yumo kwenye foleni ya figo. Simu hulala
kati ya mito yetu, kioo juu.
Jana, alfajiri, iliita. Tuliketi wote wawili
kama waliomwagiwa maji.
Sauti ya mashine, kliniki ya meno ya umma:
*imebaki miezi kumi na minane.
Ikiwa bado unasubiri, bonyeza moja.*

Alipitisha ulimi pale penye pengo,
akafikiri,
akabonyeza.